Moritz Hauptmann: maswali ambayo watu wa kwaya na wanafunzi wa muziki hawaachi kuuliza

Ukisoma habari za Bach, Mendelssohn au Grieg utakutana naye akipita pembeni, na mara nyingi kwa sentensi moja tu: "alifundishwa na Hauptmann". Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila jina hilo linapotajwa. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Mtu mwenyewe

1. Moritz Hauptmann alikuwa nani hasa?

Mjerumani, mpiga violini, mtunzi, mwalimu, na mmoja wa wananadharia wa muziki waliosumbua sana vichwa vya wenzao katika karne ya 19. Alizaliwa Dresden tarehe 13 Oktoba 1792, akafariki Leipzig tarehe 3 Januari 1868. Miaka 20 hivi alikuwa kwenye okestra ya Kassel. Miaka 25 ya mwisho alikuwa msimamizi wa muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, kazi ambayo Johann Sebastian Bach aliifanya kabla yake.

Kwa wanaopenda kupima kwa majina makubwa: alizaliwa mwaka mmoja baada ya Mozart kufa, Beethoven akiwa kijana wa miaka 21. Alifariki miezi michache kabla Requiem ya Kijerumani ya Brahms haijaimbwa Bremen. Muziki ulibadilika sana mbele ya macho yake, na si mabadiliko yote aliyoyapenda (tazama swali la 18).

2. Ni kweli alisomea ujenzi?

Kweli. Baba yake alikuwa msanifu majengo wa serikali huko Dresden, na kijana alitarajiwa kufuata nyayo. Alisoma hesabu na usanifu sambamba na violini, na kwa muda alifanya kazi ya usanifu kabla muziki haujameza kila kitu. Mwaka 1811 alikwenda Gotha kujifunza violini kwa Louis Spohr, mmoja wa wapiga violini mashuhuri wa Ujerumani wakati ule, na urafiki wao ulidumu hadi Spohr alipofariki.

Mimi naona jambo hili la ujenzi halipaswi kupitwa haraka. Ukifungua kitabu chake unamwona mtu asiyeridhika kuambiwa "ukuta huu umesimama". Anataka kujua umesimama juu ya nini.

3. Alifanya nini Urusi?

Alikuwa mwalimu wa muziki katika nyumba ya Prinsi Repnin, mkuu wa Kirusi aliyewahi kuwa gavana wa Saksonia kwa niaba ya Warusi baada ya Napoleon kushindwa Leipzig mwaka 1813. Hauptmann aliifuata familia hiyo kuanzia 1815 hadi 1820, na sehemu ya muda huo aliishi Poltava, mji ulio Ukraine ya leo. Mbali na kumbi za muziki, alipata nafasi ya kusoma hesabu na elimu ya mitetemo ya sauti.

4. Na Kassel?

Mwaka 1822 alijiunga na okestra ya Kassel iliyoongozwa na Spohr yuleyule. Hapo ndipo wanafunzi walipoanza kumfuata kwa ajili ya nadharia, miongoni mwao Ferdinand David na Norbert Burgmüller. Opera yake *Mathilde* ilichezwa hapo mwaka 1826. Mwaka 1841 alimwoa Susette Hummel, mwimbaji na mchoraji, binti wa mchoraji Ludwig Hummel. Wengi hudhani ni binti wa mtunzi Johann Nepomuk Hummel, lakini siye.

5. Ndiye Hauptmann aliyepata tuzo ya Nobel?

Hapana. Huyo ni Gerhart Hauptmann, mwandishi wa tamthilia, aliyezaliwa 1862 na kupata Nobel ya fasihi 1912. Jina lenyewe kwa Kijerumani ni "kapteni", kwa hiyo wenye nalo ni wengi.

## Miaka ya Leipzig

6. Alikipataje kiti cha Bach?

Theodor Weinlig, aliyekuwa na kazi hiyo (na aliyewahi kumfundisha Wagner), alifariki mwaka 1842. Mendelssohn, ambaye neno lake lilikuwa na uzito Leipzig, alimpigia debe Hauptmann, na mtu wa miaka 49 akaacha kiti cha mpiga violini wa kawaida akaenda kuwa Thomaskantor, yaani msimamizi wa muziki wa kanisa la Thomas. Kazi yenyewe ni ya jasho: kuwafundisha wavulana wa shule ya Thomas kuimba na kuandaa muziki wa ibada mwaka mzima. Baada yake kiti kilikwenda kwa Ernst Friedrich Richter, mwananadharia mwingine.

7. Alifundisha pia chuoni?

Ndiyo. Chuo cha muziki cha Leipzig kilifunguliwa Aprili 1843 chini ya Mendelssohn. Schumann alikuwa miongoni mwa walimu wa kwanza, Ferdinand David, mwanafunzi wa zamani kutoka Kassel, alishika violini, na Hauptmann akapewa haramonia (upatanifu wa sauti) na kontrapunto (namna ya kuendesha nyimbo kadhaa kwa pamoja). Hakuondoka hapo hadi kifo.

8. Wanafunzi wake maarufu ni akina nani?

Joseph Joachim, aliyefika Leipzig akiwa na miaka 12 na baadaye akawa mpiga violini wa kutajwa Ulaya nzima. Hans von Bülow, mwongozaji wa okestra. Salomon Jadassohn, ambaye naye aliandika vitabu vya nadharia. Na mwaka 1858 walifika vijana wawili kutoka nchi tofauti, Arthur Sullivan wa Uingereza, miaka 16, na Edvard Grieg wa Norwei, miaka 15. Wote wawili walipita mikononi mwake.

Grieg hakukipenda chuo kile, na alipokuwa mtu mzima aliandika hivyo bila kificho. Lakini mzee Hauptmann alimweka kando na lawama zake. Alimkumbuka kwenye kochi nyumbani kwake, katika jengo la zamani la shule ya Thomas ambamo Bach mwenyewe aliishi. Amevaa joho la nyumbani na kofia ndogo, miwani imezama kwenye daftari la mwanafunzi, na pua ya ugoro ikidondosha tone moja moja juu ya nota kabla leso haijawahi. Mzee akasifu zoezi: zuri sana, lina muziki. Kwa kijana aliyezoea kukosolewa siku nzima, maneno hayo yalitosha. Jengo hilo lilibomolewa mwaka 1902.

9. Alihusikaje na toleo kamili la kazi za Bach?

Mwaka 1850, miaka 100 baada ya kifo cha Bach, ilianzishwa Leipzig jumuiya ya kuchapisha kazi zake zote, Bach-Gesellschaft. Waanzilishi walikuwa pamoja na Hauptmann, mwanazuoni Otto Jahn, Carl Ferdinand Becker na Schumann, na wachapaji walikuwa Breitkopf & Härtel. Hauptmann aliiongoza hadi alipofariki, na ndiye aliyehariri buku la kwanza, lililotoka 1851 likiwa na kantata 10 (kantata ni kazi ya waimbaji na ala yenye sehemu kadhaa). Kazi nzima ilichukua karibu miaka 50.

Kuna kitu kidogo hapa ambacho kila anayetafuta muziki wa Bach amekishika bila kujua. Kantata inayoitwa BWV 1 (BWV ni namba za orodha ya kazi za Bach) si ya kwanza Bach kuitunga. Ni ya kwanza katika buku lile. Wolfgang Schmieder alipotengeneza orodha ya BWV mwaka 1950, aliufuata mpangilio wa toleo hilo kwa kantata. Ukiandika "BWV 4" kwenye simu yako leo, unatumia foleni iliyopangwa mezani kwa Hauptmann.

## Nadharia yake

10. Kitabu chake kikuu kinasema nini?

Kinaitwa *Die Natur der Harmonik und der Metrik*, yaani asili ya upatanifu wa sauti na ya mapigo, kilichotoka Leipzig mwaka 1853. Hoja yake ya msingi ni kwamba kosa la muziki si kosa kwa sababu mwalimu kalikataza. Ni kosa kwa sababu linajipinga lenyewe, kama sentensi inayosema jambo na kulikana papo hapo. Kwa hiyo yeye hatafuti kanuni mpya, anatafuta kwa nini kanuni zipo.

Anadai kwamba sikio linaelewa moja kwa moja umbali wa aina tatu tu: oktava (do hadi do ya juu), umbali wa tano (do hadi so), na umbali wa tatu mkubwa (do hadi mi). Mengine yote yanatokana na hayo. Kila moja anaupa kazi: oktava ni umoja, kwa kuwa nusu ya uzi inalingana na nusu nyingine na sauti inabaki ileile. Umbali wa tano ni mtengano: so si do, imesimama kivyake. Umbali wa tatu ni muungano: mi inaingia kati, na ghafla do na so zinakuwa kitu kimoja, kodi ya meja (kodi ni sauti kadhaa zinazosikika kwa pamoja).

Jaribu na watu watatu. Besi aimbe do, tenori aimbe so. Inasikika wazi, tupu, kama nyumba isiyo na samani. Mwongeze alto kwenye mi. Hicho kilichotokea ndicho anachokieleza kwa kurasa nyingi.

11. Kwa nini anaandika herufi kubwa na ndogo: F a C e G h D?

Kwanza ondoa tatizo la h: Wajerumani huita H sauti ambayo wengine huita B. Kisha soma mstari huo kwa solfa: fa la do mi so ti re. Ni sauti zote saba za skeli ya meja, zimepangwa kwa umbali wa tatu.

Herufi kubwa ni sauti zilizopatikana kwa umbali wa tano: F, C, G, D. Herufi ndogo ni zile zilizopatikana kama mi ndani ya kodi: a, e, h. Ukikata mstari huo unapata kodi tatu zinazoshikana mikono: F a C, C e G, G h D. Ya katikati ni nyumbani. Ya kulia na ya kushoto zinavuta kila moja upande wake, na nyumbani panajulikana kuwa nyumbani kwa sababu ya mvutano huo.

Tofauti ya herufi si urembo. Inasema sauti ilitoka wapi, na sauti mbili zenye jina moja zikitoka sehemu mbili tofauti hazina urefu sawa. Ushahidi uko kwenye swali linalofuata.

12. Kwaya yetu ikiimba bila kinanda hushuka. Hauptmann ana jibu?

Ana sehemu ya jibu, na ni sehemu nzuri. (Uchovu, pumzi mbovu na besi wavivu hakuwaandikia.)

Tuchukue namba rahisi, nilizozichagua mimi ili zigawanyike vizuri. Tuseme do inatetema mara 240 kwa sekunde. Tukifuata mstari wa swali la 11 kwa umbali safi, re ni 270, mi 300, fa 320, so 360, la 400, ti 450. Sasa angalia re na la. Umbali safi wa tano kutoka 270 unahitaji la iwe 405. Yetu ni 400. Pengo ni dogo lakini lipo, na ndiyo sababu Hauptmann anakataa kuihesabu kodi ya re-fa-la kuwa kodi safi ya maina (kodi yenye umbali wa tatu mdogo, kama la-do-mi) ndani ya meja: ncha mbili za mstari zimelazimishwa kukutana.

Sasa waimbaji wazuri wafanye mzunguko huu wa kodi: do, la maina, re maina, so, do. Waliopo kwenye la wanaishikilia 400 wakiingia kodi ya re. Besi, kwa sikio lao zuri, wanatafuta re iliyo safi chini ya la hiyo, wanapata 266.7 badala ya 270. So inakuwa 355.6. Do ya mwisho inatua 237. Hakuna aliyekosea hata mara moja, na kwaya imeshuka. Zungusha mara tano, umepoteza zaidi ya nusu sauti.

Dawa? Mwalimu ajue ni wapi re inabadilika, na amwambie besi aitafute re kutoka so, si kutoka la. Nimeona watu wakigombezwa bure kwa jambo hili.

13. Kodi ya maina anaielezaje?

Hapa ndipo wasomaji hugawanyika. Kwenye meja, sauti moja inamiliki nyingine mbili: do *ina* wa tano wake, so, na *ina* wa tatu wake, mi. Kwenye maina ya la-do-mi anageuza jicho: mi *ni* wa tano wa la, na hapohapo *ni* wa tatu wa do. Meja ina mwenye mali mmoja. Maina ina mmoja anayemilikiwa na wawili.

Ndiyo maana, anasema, meja inanyanyuka na maina inavuta chini, na analeta mfano wa mti ambao matawi yake yananing'inia kuelekea ardhini, tofauti na ule unaochomoza juu. Mfano ni mzuri. Lakini ukimwuliza mpiga besi yeyote mzizi wa kodi hiyo uko wapi, atakuambia la, si mi, na sioni kwamba Hauptmann alilimaliza swali hilo. Waliomfuata walilichukua wakalifikisha mbali (swali la 17).

14. Mapigo yanaingiaje humo?

Kwa ulinganisho uleule wa swali la 10. Mapigo mawili ni kama oktava: pigo moja peke yake si kipimo, kipimo huanza la pili linapolijibu la kwanza kwa usawa. Mapigo matatu ni kama umbali wa tano, mapigo manne ni kama umbali wa tatu. Ulinganisho wa mawili naukubali kwa moyo wote. Ule wa matatu na manne unahitaji uvumilivu, na watu wa ngoma zetu, waliozoea matatu na mawili kutembea pamoja kwa wakati mmoja, wataona mapema kwamba fundi huyu aliusikia muziki wa Ulaya peke yake.

15. Je, ni falsafa ya Hegel iliyovalishwa nota?

Umoja, mtengano, muungano: anayemjua Hegel atamsikia mara moja, na wasomi wengi wamemwita Hauptmann mfuasi wake. Lakini kitabu hakimfundishi msomaji Hegel. Mwandishi anauchukulia mwendo huo kama njia ambayo akili ya binadamu yeyote hutumia kuelewa kitu chochote. Unaweza kukisoma kizima bila kumgusa mwanafalsafa huyo.

16. Nikisome ili nijifunze kupanga sauti nne?

Usifanye hivyo, utakikimbia. Si kitabu cha mazoezi. Kwa kazi hiyo Leipzig ilitumia kitabu cha Richter, aliyetajwa swali la 6. Jambo moja la kubeba kutoka kwa Hauptmann hata hivyo linafaa kazini: kodi mbili hufuatana vizuri zikiwa na sauti ya pamoja ya kushikilia. Kutoka do kwenda fa unashikilia do. Kutoka fa kwenda so huna cha kushikilia, na ndipo makosa ya sauti kutembea sambamba huzaliwa. Yeye anauona mruko huo kama unaoeleweka kupitia kodi iliyo kati, isiyosikika.

## Walioendelea na waliopinga

17. Nani alimfuata?

Mwanasayansi Hermann von Helmholtz, katika kitabu chake cha 1863 kuhusu hisia za sauti, aliutumia mfumo wa herufi wa Hauptmann na kuurekebisha, ingawa Hauptmann hakuridhishwa na wazo la kueleza muziki kwa mitetemo na sikio peke yake. Arthur von Oettingen mwaka 1866 aliichukua maina ya swali la 13 na kuifanya kioo kamili cha meja. Hugo Riemann akaiendeleza hadi akadai kwamba chini ya kila sauti kuna sauti nyingine zinazoshuka, na kwamba alizisikia mwenyewe usiku. Hazipo. Mawazo yake mengine yalidumu, na tangu miaka ya 1980 wananadharia wa Marekani waliyafufua kuchunguza jinsi kodi zinavyohama, pamoja na lile la sauti ya pamoja ambalo Hauptmann alilisisitiza.

18. Alimpinga Wagner?

Hakumpenda, wala Liszt. Barua zake, zilizochapishwa baada ya kifo chake, ni za mtu mwenye ucheshi wa chini kwa chini aliyeona muziki mpya umejaa kelele na umepungukiwa na mpangilio. Alimpima kila mtu kwa Mozart na Bach. Hata Schumann, mwenzake chuoni, hakupona.

19. Kinanda changu cha umeme kimepangwa sawasawa. Haya yote yananihusu?

Ukipiga peke yako, kidogo. Kinanda hugawanya oktava katika vipande 12 vinavyolingana, kwa hiyo pengo la swali la 12 limekwisha kusambazwa kila mahali kiasi cha kutosikika, na mi ya kila kodi ya meja iko juu kidogo kuliko inavyopaswa. Hauptmann aliyajua hayo na aliyaona kuwa maafikiano ya chombo, si ukweli wa muziki. Kwaya ikizima kinanda, mi itashuka yenyewe hadi pale inapotulia.

## Muziki wake

20. Alitunga nini, na unasikika wapi?

Misa mbili, moteti (nyimbo za kanisa za sauti kadhaa) nyingi, nyimbo za kwaya za sauti nne, *Salve Regina*, sonata za violini na piano, dueti za violini mbili ambazo walimu bado huwapa wanafunzi, na ile opera. Muziki umepangwa vizuri, hauna kona mbaya, na mara chache unakushtua. Nasema hivyo kwa heshima: waimbaji wa kawaida huufurahia kwa sababu kila sauti imepewa njia inayoimbika.

21. Nianzie wapi?

Ukisoma Kijerumani, anza na barua kwa rafiki yake mwimbaji Franz Hauser, kisha kitabu. Kwa Kiingereza kipo katika tafsiri ya W. E. Heathcote ya 1888, nzito kama ya asili. Wa kwaya aanze na *Salve Regina*, bila kinanda, akiwa amempa mtu mmoja kazi ya kuangalia do ya mwisho imetua wapi.